Mjadala: Siasa kazini zipigwe marufuku au tuachiwe tuseme?

Assalaam alaykum wakuu, na wengine wote habari zenu. Nna jambo nataka tulijadili kwa nafasi, na msimamo wangu nautoa mwanzo kabisa asije mtu akasema nimejificha. Mie nasema wafanyakazi waachiwe wazungumze siasa kazini, hasa sisi wa Zanzibar, na hawa mameneja wanaobandika matangazo ya kukataza wanaharibu huku wakidhani wanatengeneza. Najua wengi hamtakubali, ndio maana nimeileta hapa.

Kwanza nieleze nilipo. Nafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja huko pwani ya mashariki, huu mwaka wa kumi na tatu. Wengi wetu tunakaa mjini, Mji Mkongwe na mitaa ya Ng'ambo, gari ya stafu inatuchukua Michenzani saa kumi na moja alfajiri, watu ishirini na kitu humo ndani tumebanana na vipochi vyetu, na mpaka kufika Jozani ushajua nani kagombana na mkewe, nani anadaiwa dukani na nani chama gani. Hakuna siri mle. Zamani palikuwa hapalali mtu, ni kubishana mpaka dereva anasema jamani nashindwa kusikia honi. Tangu yale ya siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, kule bara, watu kufa na intaneti kukatwa, gari imenyamaza. Kila mtu na simu yake na earphone masikioni, dereva kaweka kasida, basi. Kuna wenzangu wanasema afadhali hivi, kumetulia. Mie utulivu ule siupendi hata kidogo na ntawaambia kwa nini.

Angalieni hesabu zetu. 1995, uchaguzi wa mwanzo tangu vyama vingi virudi, urais wa Zanzibar Salmin Amour wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2, Maalim Seif wa CUF, chama cha upinzani, 49.8. 2010 Dk. Shein wa CCM 50.1, Maalim 49.1. Wazee watakwambia hata Januari 1961 Chake Chake jimbo zima liliamuliwa kwa kura moja. (Hizi asilimia za karibuni zimekuwa nyengine kabisa, kila mtu ana maelezo yake, naomba tusihamie huko.) Kwa hiyo ukichukua watu ishirini wa gari yetu, kwa miaka mingi ilikuwa kumi huku kumi kule, na hao kumi wa kule ndio wanaokushikia sufuria usiungue.

Sasa ukitoka kazini, wapi pengine unakaa na mtu wa upande wa pili? Wa CCM ana maskani yake Kisonge, anasoma ubao ulioandikwa chaki, anacheka na wenzake. Wa upinzani ana yake Jaws Corner, anakunywa kahawa chungu ile ile, bei karibu ile ile, na anacheka na wenzake vile vile. Miaka yote hii sijamuona mtu wa Kisonge kenda kukaa Jaws akaulizwa "na wewe waonaje?" Mtaani ni hivyo hivyo, na ukoo mara nyingi ni chama kimoja mpaka paka. Kazini tu ndiko unakotupwa na mtu hukumchagua, maana rosta haiulizi kadi. Shifti ya usiku ni wewe na yeye na ndoo ya mbatata za kumenya, mtazungumza nini saa nane?

Na tusidanganyane kuwa kutengana ni jambo jipya. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituhadithia zama za siasa, miaka ile ya 1957 mpaka 1964, vyama vya ASP na Hizbu (ZNP), watu walivyosusiana maduka, mabasi na hata maziko. Kisima kimoja lakini mwenye ndoo wa chama kile akija huyu anaondoka kwanza. Juni 1961 ikaja fujo wakafa watu 68. Waliokuwa wanauana wale hawakuwa wanabishana tena, kubishana kulishakwisha zamani.

Haya, sasa nitoe kisa cha kwetu, maana bila kisa ni maneno tu.

Jikoni tulikuwa na shefu, mtu mzima rika la babaangu, mie namwita ami. CCM damu damu, kofia yake ya kijani anaivaa mpaka akienda kuvua. Na londri alikuwepo bwana mmoja Mpemba wa Micheweni, CUF wakati huo, mkimya lakini akianza kusema humuwezi. Hawa wawili walikuwa wakibishana kila siku ya Mungu na kila siku wanakula sinia moja.

Oktoba 28, 2015 mchana tuko kantini, TV imewashwa, Jecha Salim Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, anasoma kuwa uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Ami alikuwa anagawa mchuzi wa samaki. Akaweka upawa chini akasema "hii nayo sasa." Basi, hilo tu. Hakushangilia, na chama chake ndicho kilichokuwa kinapumua kwa habari ile. Bwana wa londri kasimama na sahani yake mkononi, midomo imemkauka. Ami akauokota upawa, akamuwekea mchuzi, halafu akamuongezea kichwa cha changu, na kichwa cha changu ami hampi mtu, anajiwekea mwenyewe. Hawakusemezana neno.

Ukaja ule wa marudio, Machi 20, 2016, CUF wakasusia. Pemba baada ya hapo watu wakaanza tena mambo ya zama zile, huyu hamuuzii huyu, huyu hamziki huyu. Bwana wa londri akenda likizo kwao, karudi kabadilika. Siku ya pili tu tuko kwenye sinia ami akaleta utani, kamwambia "huyu mtafutieni mashua arudi Shimoni." Aliekuwa hajui, Shimoni ni kule Kenya walikokimbilia watu zaidi ya elfu mbili baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, wengi wao Wapemba. Ami kwake ilikuwa mzaha kama mizaha yao mengine. Yule bwana akaweka tonge chini, akanawa, akaondoka. Baadae ndio tukajua kakaake alikuwa kwenye zile mashua.

Kuanzia hapo nguo za ami zikawa zinarudi kutoka londri mbichi. Si chafu, mbichi, yaani zimefuliwa vizuri lakini ukivaa unahisi umeingia baharini. Ami akavumilia siku nne, ya tano akapanda juu kwa sauti, wageni wa Kitaliano wamekaa wanakula wanasikia kila kitu, wanadhani labda ndio ngoma ya asili. Jioni ile meneja kabandika notisi mlangoni mwa kantini: NI MARUFUKU KUZUNGUMZA SIASA ENEO LA KAZI. ATAKAEVUNJA ATACHUKULIWA HATUA.

Mkitaka kujua notisi ilifanya nini, hii hapa. Grupu la WhatsApp la stafu likabaki la "hongera kwa siku ya kuzaliwa" na picha za maua. Pembeni yakazaliwa magrupu mawili ya siri, na mie mnafiki nilikuwemo yote mawili. Wallahi yaloandikwa mle mtu hawezi kumwambia mwenzake usoni, hata akiwa amelewa. Voisi za watu wasiojulikana, orodha eti ya "wasaliti," mara fulani anapeleka majina. Kwenye gari mambo yale yale tukiyasema kwa sauti, mtu akiongeza chumvi kuna mwenzake anamkata hapo hapo, "acha uongo wewe, mie nilikuwepo." Kwenye grupu la upande mmoja nani atamkata? Ilipoingia Ramadhani futari ikawa masinia mawili, nikawa nakula tende huku nakwenda kunywa uji kule.

Na kilichokuja kulimaliza si notisi. Ami mwenyewe siku moja, baada ya miezi mitatu hivi, alikwenda londri, mie niko nyuma yake nimebeba vitambaa vya meza, akasimama mlangoni akasema, "Ya kakaako nilikuwa siyajui. Shimoni sitoitaja tena. Lakini uchaguzi nitakubishia mpaka nife." Yule bwana hata hakugeuka kutoka kwenye pasi, akasema, "Nibishie. Na nguo zako ulete mwenyewe, usitume watoto." Mtoto ndio mie huyo.

Kwa hiyo swali langu kwenu: kwenu kazini mnazungumza au mmekatazwa? Na kipi kilicholeta ugomvi, kuzungumza au kunyamaza? Karibuni, matusi hapana.

---

Nimerudi, nimesoma yote, wengine mmenichana lakini haina neno.

Kuna alosema kazini ni pa kazi, siasa mkazungumzie maskani, mwajiri halipi watu wabishane. Sawa, ukiwa na mgeni mbele yako au mafuta yanachemka, nyamaza. Mie nazungumzia saa ya chakula na gari ya stafu. Hiyo "kazungumzieni maskani" ndio haswa nnayoikataa, kwa sababu maskani kila mtu ana yake, na ukishampeleka kila mtu kwake umewatenganisha. Mtu anasema siasa zinatenganisha watu, dawa yake eti tuwatenganishe ndio wazungumze.

Ndugu yetu wa bara kasema nyie Wazanzibari siasa zenu za damu, huku ofisini sisi ni Simba na Yanga tu na raha mustarehe. Mkuu, umenisaidia bila kujua. Mtu wa Yanga anamtukania mtu wa Simba tangu asubuhi mpaka jioni, anamletea jeneza la maboksi mlangoni, na kesho wanakopeshana nauli. Mbona hawauani? Mie naona ni kwa sababu kwanza ni watani, utani una ruhusa yake na una mpaka wake, wote wanaujua. Pili kuna mechi nyengine inakuja na kila mmoja anaamini kweli anaweza kushinda. Hilo la pili kwetu ndio mtihani na siwezi kulitatua mie mpika mchuzi. La kwanza tunaliweza. Ami na yule bwana walikuwa watani, kosa lilikuwa mzaha mmoja uliovuka mpaka, na mpaka wenyewe ami alikuwa haujui ulipo mpaka alipoukanyaga.

Sasa kuna dada kaandika jambo ambalo nimekaa nalo tangu jana. Kasema mumewe alibishana siasa na supavaiza wake, wakacheka, wakaagana vizuri, mwezi wa pili mkataba haukurudishwa na hakuna alieandika popote kuwa ni siasa. Anasema uhuru huo ni wa nyie wenye mgongo. Dada, hapa nimekwama na sioni haya kusema. Nilikuwa nazungumza kama vile kila anaekaa kwenye sinia ni sawa, na si sawa. Ami alikuwa mkubwa kwa yule bwana kwa umri lakini hakuwa na uwezo wa kumfukuza. Angekuwa nao, pengine hata ule ugomvi wa nguo mbichi usingetokea, yule bwana angefunga mdomo na kupiga pasi, na sisi tungesema hoteli yetu ina amani.

Kwa hiyo narekebisha. Anaetakiwa kunyamaza siasa kazini ni bosi. Anaeandika rosta, anaetia saini mikataba, huyo asiseme chama chake, asiulize cha mtu, na asikae kwenye mabishano hata kama anacheka. Matangazo yote ya kukataza nliyowahi kuyaona yanabandikwa na wao kwa ajili yetu, sijaona hata moja lilobandikwa kwa ajili yao. Na kwenye karatasi tunalindwa, Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 111 wa 1958, Tanzania imeuridhia 2002, unakataza kumbagua mtu kwenye ajira kwa maoni yake ya kisiasa, umeyaweka safu moja na dini na rangi. Najua karatasi haijamrudishia kazi mume wa dada. Lakini mtu akikwambia kukunyima kazi kwa ajili ya siasa zako ni halali, ujue anakuongopea. (Wa serikalini wana kanuni zao za utumishi, siwasemei, wapo humu waseme wenyewe.)

Wa mwisho kauliza, na ile notisi iliishia wapi? Haijaishia, ipo mpaka leo, imepauka. Ila nikuhadithieni. Usiku wa Oktoba 28, 2020, siku ya kura, mitandao imebanwa, WhatsApp haifunguki na wasio na VPN wamekaa kiza. Kitu pekee kilichokuwa kinasema ni redio ndogo ya mkulima ya yule bwana wa londri, tumeizunguka jikoni, ami anakoroga uji wa shifti ya usiku. Mlango ukafunguliwa, meneja huyo, kaingia, kaufunga nyuma yake taratibu, kaangalia huku na huku kama mtu anaetaka kukopa.

"Jamani," akasema, "nani anaongoza?"

Hakujibu mtu. Ami akauchomoa mwiko kwenye uji, unadondoka, akamuelekezea notisi.