Kakaangu kaandikiwa kipimo cha ini, hataki kwenda

Assalaam alaykum jamaa. Kakaangu hapa Leicester kaandikiwa na daktari akapime ini kwa FibroScan, ile mashine ya kupima ugumu na mafuta ya ini. Hataki. Anasema ini ni maradhi ya walevi, na yeye tokea Wete, kwetu Pemba, mpaka huku hajaonja pombe. Nani keshapimwa? Kinauma?
(Dada, Leicester)

Waalaykum salaam dada. Mwambie aende. Mimi nilipelekwa kwa sababu ya sukari, na pombe sinywi pia. Mafuta kwenye ini huja na kitambi, kisukari na lehemu, na sisi huku wali mchana na usiku, chai tamu, safari zote kwa gari. Akiulizwa habari ya pombe asione katukanwa, kila mgonjwa huulizwa.

Hakiumi. Unalala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, unapakwa jeli ubavuni, na kifaa kinagonga kati ya mbavu, kama mtu anakudonoa kwa kidole. Kinagonga mara 10 au zaidi, na dakika 10 hivi umemaliza. Kila pigo linapeleka wimbi ndani: ini gumu, mara nyingi kwa kovu, hulipitisha haraka, laini polepole. Zamani ilibidi uchomwe sindano unyofolewe kipande.

Asile kitu masaa 3 kabla. Hili alishike sana, kwani chakula huongeza damu inayopita kwenye ini, likasomeka gumu kuliko lilivyo. Mwezi wa Ramadhani atakuwa keshafunga, aombe miadi ya mchana.

Atapewa namba mbili. Ya ugumu ni kwa kilopaskali: ini lenye afya kwa kawaida huwa chini ya 7, na ikizidi 15 madaktari hushuku kovu lililokomaa. Ya mafuta huenda kutoka 100 hadi 400. Hiyo ya mafuta pekee isimtishe. Wanaloliangalia zaidi ni kovu. Na ini lililovimba, au moyo dhaifu, nao hupandisha ugumu, kwa hiyo daktari ndiye afasiri. Mwenye kilo 100 akipunguza 7 hadi 10, mafuta hupungua, na kovu lenyewe laweza kurudi nyuma.
(Kaka yenu, Birmingham)

Naongeza moja, na naomba msilidharau. Apimwe pia homa ya ini aina ya B. Kwetu ipo, wengi waliipata utotoni na hawajijui. Akiwa nayo, mke na watoto wapimwe, wasio nayo wachanjwe.

Na wazee wetu walioko Pemba msiwakimbizie pesa za mashine hii. Waanze na damu na altrasaundi ya kawaida, ingawa altrasaundi huona mafuta yakiwa mengi na kovu changa hailioni. Zaidi ya hapo daktari wao ataamua.
(Mama wa watatu, London)

Nimemsomea kwa simu, kakubali. Anauliza kahawa ya asubuhi nayo aiache?
(Dada, Leicester)

Ikiwa ndani ya masaa hayo 3, aiache. Dawa zake ameze na maji kidogo.
(Kaka yenu, Birmingham)