Tupeane uzoefu: Wewe uliyesoma jamii za Waaborijini chuo kikuu, ilikuwaje?

BintiLindi: Habari zenu wapendwa. Niko mwaka wa pili hapa Australia, na somo kuu la digrii yangu ni jamii za Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hii. Ndani yake mna historia, isimu, sheria, akiolojia na sanaa. Kila nikiongea na mama kwenye simu ananiuliza, "Mwanangu, utafanya kazi gani?" Nimefungua uzi huu ili tuliopita njia hii tuambiane ukweli.

Mimi nilivutwa na sarafu. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja wa Australia aliokota sarafu 9 kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hii. Kati ya hizo 5 ni za kale, za masultani wa Kilwa. Kilwa yetu! Mtoto wa Lindi mimi, nimepita Kilwa Masoko mara nyingi na sikuwahi kuambiwa. Zilifikaje, bado wataalamu wanabishana. Mhadhiri alituuliza: ukitaka jibu utaanzia kwa nani? Msomaji wa sarafu atakutajia sultani, mwanaakiolojia atachimba. Ila Wayolngu, wenyeji wa pwani ile, wana nyimbo na simulizi za mabaharia wa Makassar, Indonesia ya leo, waliokuja kila msimu kuvuna majongoo bahari, mpaka walipozuiwa mwanzoni mwa karne ya 20. Na kwa lugha yao pesa hadi leo inaitwa *rrupiya*. Nilipolisikia neno hilo nilimkumbuka bibi na hadithi zake za rupia za Mjerumani. Wiki hiyo hiyo nikabadilisha kozi.

Mwl_Bungoma: Hongera dada. Mimi niliingilia mlango wa isimu. Tulisoma Kidyirbal, lugha ya Queensland yenye ngeli nne za nomino. Wenzangu walihangaika na dhana yenyewe, mimi nikajiona niko nyumbani, nikadhani nitamaliza kwa wiki moja. Wapi! Ngeli moja inabeba wanawake, moto, maji na ndege wengi. Kwa nini ndege? Kwa sababu huaminika kuwa ni roho za wanawake waliofariki. Jua limo humo kwa kuwa ni mke, na mwezi umekaa upande wa wanaume kwa kuwa ni mumewe. Sarufi ilinikatalia kabisa mpaka nilipokwenda kusoma visasili vyao. Halafu kulikuwa na msamiati mzima wa kutumia akiwapo mama mkwe. Hapo sikuhitaji kufafanuliwa, maana kwetu Wabukusu mama mkwe hupeani naye hata mkono.

Hakimiliki: Mimi nilikuwa nasoma sheria tupu hadi nilipokutana na kesi ya Mabo, ya haki ya wenyeji juu ya ardhi. Eddie Mabo alikuwa mtunza bustani katika Chuo Kikuu cha James Cook, Townsville. Alipokuwa akiwasimulia wanahistoria wawili, Henry Reynolds na Noel Loos, habari za ardhi yake huko kwao Mer, kisiwa kilicho kaskazini mwa Queensland, ikabidi wamweleze kwamba kisheria ardhi ile ni ya serikali. Hakuamini. Mwaka 1982 yeye na wenzake wanne wakafungua kesi. Tarehe 3 Juni 1992 Mahakama Kuu ikatamka kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi yao haikufutika kwa sababu tu Mwingereza alisimika bendera. Mzee alikuwa amefariki Januari ya mwaka ule ule, na kila nikifika hapo moyo unaniuma.

Watu wa Mer ni wa visiwa vya Torres Strait, si Waaborijini, lakini mlango uliofunguka ni wa wote. Na fikirieni ushahidi wenyewe: nani alirithi kwa nani, mpaka wa shamba unapita wapi, babu alisema nini. Vifungu nilivijua. Nasaba na simulizi ndizo nilizokuwa naziruka kwenye kurasa.

MwanaUvira: Ndugu zangu, nami niseme kosa langu. Sisi tulifika Adelaide kama wakimbizi, nikajiona naelewa maumivu ya mtu kupoteza kwao. Kwenye wasilisho darasani nikaonyesha picha kubwa ya mzee mmoja aliyefariki na kulitaja jina lake, bila kutoa tahadhari. Katika jamii nyingi za huku, jina na sura ya marehemu havitolewi ovyo. Mwenzetu mmoja aliinuka akatoka. Nilimfuata, nikaomba radhi. Akaniambia, "Ungeuliza kwanza." Sikulala usiku ule.

Jingine: msizoee kusema "Waaborijini" basi. Wengi hupenda utaje taifa lao. Hapa Adelaide ni Wakaurna.

Hakimiliki: @BintiLindi, mwambie mama kazi zipo. Mabaraza ya ardhi (huku ni taasisi za wenyeji, si mahakama), makumbusho, hifadhi za kumbukumbu za lugha. Madai ya ardhi yanahitaji watu wa kuandika nasaba sawasawa.

BintiLindi: Asanteni sana, nitamsomea mama. @Mwl_Bungoma, ulipokwenda kuwarekodi wazee kwa ajili ya masomo yako ya lugha, ruhusa ilichukua muda gani?

Mwl_Bungoma: Chuo kilinipa ndani ya mwezi. Wazee, miezi mitano. Swali lao la kwanza lilikuwa kanda zitabaki wapi nikishaondoka. Zimebaki kwao, mimi nina nakala ya zile walizoniruhusu.