Mpwa wangu wa miaka 15 huenda akaandikwa kwenye rejista ya wahalifu wa ngono hapa Ohio, naombeni ushauri

Mjomba_Columbus:
Wakuu, salaam. Mtoto wa dada yangu, miaka 15, yuko mahakama ya watoto kwa tuhuma za kosa la ngono dhidi ya mtoto mwenzake. Mwendesha mashtaka anasema akikiri hatafungwa, atakuwa chini ya uangalizi akiwa nyumbani. Dada anataka asaini yaishe. Kiingereza kinampa shida, nimekuta kijana mwenyewe ndiye anayemsomea mama yake karatasi za kesi. Ukurasa wa pili una mstari unaotaja kujisajili kwa sherifu. Je, ni lazima aandikwe? Na akifika 18 jina linafutika lenyewe?

MamaZawadi:
Pole sana kaka. Asisaini chochote mpaka wakili aeleze huo mstari mbele ya mama, kwa Kiswahili. Ombeni mkalimani wa mahakama. Mtoto hawezi kubebeshwa kazi ya kumtafsiria mama tuhuma zake mwenyewe, kuna mambo ataona haya kuyatamka. Kama hamna fedha, wakili anateuliwa na mahakama. Haki hiyo watoto wanayo tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1967, kesi ya Gault.

Mtetezi:
Mkuu, kinachohesabika ni umri wake siku ya tukio, siyo siku ya hukumu. Ohio, aliyekuwa chini ya miaka 14 haandikwi. Wa 16 na 17 jaji analazimika kumwandika, kosa likiwa la aina inayosajiliwa. Wa 14 na 15, kama hana kosa la namna hiyo huko nyuma, jaji ana hiari, na hapo ndipo penye nafasi yenu. Anaangalia uzito wa kosa, majuto, usalama wa jamii na matokeo ya tiba. Kwa hiyo kijana aanze tiba mapema, ila wakili aseme kwanza aanzie wapi na aongee nini, maana maneno ya kwenye tiba yanaweza kurudi mahakamani.

Akifika 18 halifutiki. Usajili una madaraja matatu: la kwanza ni miaka 10, la pili 20, la tatu maisha, na wa daraja hilo la tatu huripoti kwa sherifu kila siku 90. Lakini akimaliza adhabu jaji hupitia upya, na baadaye anaweza kuomba apunguziwe au aondolewe. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya Ohio, kesi ya In re C.P., ilikataa mtoto kusajiliwa maisha moja kwa moja bila jaji kupima.

Usichanganye na sheria ya shirikisho ya 2006, Adam Walsh. Ile inataka wasajiliwe waliofikisha miaka 14 kwa makosa mazito tu, kama ya kutumia nguvu. Jimbo linaweza kwenda mbali zaidi, na Ohio imefanya hivyo.

Bi_Rehema:
Na mtoto aliyelalamika naye tumkumbuke, ameumia. Najua kwetu wazee hukaa kikao wakayamaliza. Hapa msithubutu. Hata kutuma shangazi kuomba radhi kunaweza kuhesabika kumtisha shahidi, kesi ya pili ikafunguliwa. Kijana asimtumie ujumbe wala kupita kwao.

Mjomba_Columbus:
Ahsanteni sana. Dada hana uraia bado, ana kadi ya kijani, na kijana vilevile. Hili linaweza kumfukuzisha nchini?

Mtetezi:
Uamuzi wa mahakama ya watoto hauhesabiwi kuwa hukumu ya jinai kwenye uhamiaji. Akihamishiwa mahakama ya watu wazima mambo yanabadilika kabisa. Hata hivyo tukio lenyewe linaweza kuulizwa akiomba uraia, kwa hiyo wakili wa uhamiaji azione karatasi kabla hajakiri.

Kesho mpigie wakili umuulize hivi: kosa analotakiwa kukiri linasajiliwa au halisajiliwi? Kama linasajiliwa, je, kuna kosa jingine lisilosajiliwa ambalo mwendesha mashtaka angekubali? Na jaji anaweza kusubiri tiba iishe ndipo aamue? Majibu ayatoe dada akiwepo, mkalimani pembeni.