Nina sh 2,500 na tangi la maji: nianze na bodi gani?

Wa_Kayole: Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi simu, kulehemu nimezoea, lakini programu sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Kwetu maji ya mgao huja usiku wa manane na tangi liko juu ya paa. Nataka king'ora kilie likijaa. Barabara ya Luthuli, Nairobi, duka moja limenionyesha Arduino Uno, la pili ESP32 (zote bodi ndogo unazoziandikia programu), la tatu linanisukumia boksi la sensa 37. Nishike lipi?

Mzee_Transista: Hilo boksi liache hapo hapo dukani. Utatumia sensa tatu, nyingine zitalala kwenye droo kama zangu. Chukua Uno ya kuiga. Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, ikilenga wanafunzi, na michoro yake iko wazi kwa yeyote. Ndiyo maana nakala zimejaa mjini. Inatumia volti 5 na inavumilia makosa ya mgeni. Nakala nyingi zina chipu ya CH340 upande wa USB, kwa hiyo kompyuta isipoitambua tafuta draiva, yaani programu ya kuitambulisha, ya hiyo CH340.

Binti_Saketi: Shikamoo mzee, ila hapo nakupinga. ESP32 ina waifai, atapata ujumbe kwenye simu akiwa kazini. Tahadhari ni moja: miguu yake, yaani pini za kuunganishia waya, ni ya volti 3.3. Sensa ya HC-SR04, ile inayopima umbali wa maji kwa sauti, ukiilisha volti 5, waya wake wa Echo (wa kurudisha jibu) nao unarudisha 5. Ipunguze kwa rizista (vizuia umeme) mbili, kilo-ohm 1 na 2.

Mzee_Transista: Marahaba. Lakini saa nane za usiku nani anasoma ujumbe? Anataka kelele! Na hiyo HC-SR04 ndani ya tangi, unyevu utaila. Kijana, nunua swichi ya boya, ile inayojifunga maji yakiinua boya. Waya mmoja GND (upande wa hasi), mwingine mguu wa 2, kwenye programu uandike INPUT_PULLUP, ili mguu usome HIGH swichi ikiwa wazi. Swichi ikijifunga utasoma LOW. Kwisha.

Kijana_wa_Juja: Kabla hujatoa hata shilingi, fungua tovuti ya Wokwi kwenye kivinjari, inaiga Uno na ESP32 zote. Halafu angalia kebo. Nilipoteza wikendi mbili nikilaumu bodi, kumbe kebo ni ya kuchaji tu, haina nyaya za data.

Wa_Kayole: 😂 Kebo hizo nauza mwenyewe. Na pampu, naweza kuizima kwa hiyo hiyo Uno?

Binti_Saketi: Kwa relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo, ndiyo. Lakini huo ni umeme wa volti 240 karibu na maji. King'ora kwanza, pampu mwite fundi umeme.

Wa_Kayole: Sawa dada. Nimechukua Uno, boya na baza ya kupiga kelele. Jana taa ya LED iliwaka, ikazima, ikakataa kabisa.

Mzee_Transista: Uliweka rizista?

Wa_Kayole: ...

Mzee_Transista: Ohm 220. Nunua na taa nyingine.