Madarasa ya UPE Dodoma: tope ndilo lililoyaangusha?

Mtoa mada: Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977; ndiyo UPE, yaani Elimu ya Msingi kwa Wote. Kuta zikawa kazi ya vijiji, na huku Ugogoni vijiji vingi vilikuwa vimehamishwa juzi tu, kwenye Operesheni Dodoma, ile ya kuwakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Msimamo wangu: tofali mbichi, la udongo usiochomwa, halikufaa shule. Karibuni.

Fundi, Kongwa: Usilisingizie tope, mkuu. Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, ni tope na inakaa miaka. Ukuta wa tofali mbichi hufia miguuni. Ukilaza kozi (mstari wa tofali) ya kwanza juu ya ardhi tupu, matone ya upenu mfupi yanarudi ukutani na kuula, huku unyevu ukipanda na chumvi na kubabua lipu. Misimu michache ya mvua, ukuta umetoa tumbo. Msingi wa mawe uinuke sentimita 40 juu ya ardhi, upenu utoke 60, na kila baada ya mavuno paka udongo uliokandwa na samadi. Tembe ina mwenyewe wa kuipaka. Darasa lilipakwa na nani?

Mtoa mada: Kijiji.

Fundi, Kongwa: Yaani hakuna mtu.

Mwalimu, Mpwapwa: Mmeng'ang'ania ukuta, na mwalimu je? Waliomaliza darasa la saba walifunzwa miaka 3 hukohuko vijijini: sehemu ya siku wanafundisha, sehemu wanasoma, wakisaidiwa na redio na masomo ya posta. Watu wakageuza herufi za UPE, wakawaita "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli tu. Bila wao darasa lisingefunguliwa. Udhaifu ulikuwa hesabu na sayansi: huwezi kufundisha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, kwa ufasaha kama nawe umeziacha shuleni juzi.

Mtoa mada: Nakubali. Ila walioezeka bati si walisalimika?

Fundi, Kongwa: Wapi! Bati ni jepesi, na kiangazi cha Dodoma kina upepo mkali. Kenchi (fremu ya mbao ya paa) ikikalishwa juu ya ukuta wa udongo bila kufungwa, upepo unaingia chini ya upenu na kuinyanyua nzima nzima. Nondo au waya mnene unapaswa kuzikwa kozi 4 au 5 chini, kisha upande kuifunga kenchi. Ukiusokota kwenye kozi ya juu pekee, paa linaondoka na tofali zake. Na mbao ikigusa udongo, mchwa wameshafika kabla ya upepo.