Naomba ushauri: nitampinga vipi ami kuhusu kuwanyonga wauza unga?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, Mombasa. Jumamosi nimeombwa kuzungumza kwenye baraza la mtaa kuhusu hoja ya kuwanyonga wauza unga, yaani dawa za kulevya kama heroini, na anayezungumza upande wa pili ni ami yangu. Kumbishia ami mbele ya watu, mnajua wenyewe.

Ami ana uchungu wake. Mwanawe ni teja, ameuza mpaka masufuria ya mamake. Husema tuige Singapore, ambako zaidi ya gramu 15 za heroini humfikisha mtu kitanzini. Mimi naona kitanzi kitamkuta kijana aliyebebeshwa kete, tajiri yake yuko kwake anakunywa kahawa. Baktash Akasha, mlanguzi mkubwa wa unga wa hapa hapa kwetu, alifungwa miaka 25 mwaka 2019, lakini na mahakama ya Marekani; huku kesi ya kumpeleka huko ilikokotwa zaidi ya miaka 2. Hata Malaysia iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo mwaka 2023. Nasi Kenya hatujanyonga mtu tangu 1987.

Ninapokwama ni hapa: sheria yetu tayari ina kifungo kirefu kwa mlanguzi, na unga bado uko maskani. Ami akiniuliza kifungo kimesaidia nini, nimjibu nini? Nianze na habari za methadoni, ile dawa wanayopewa mateja ili waache heroini, au wazee wataona nawatetea mateja?

Na jamani, nimpinge kwa maneno gani asione nimemvunjia heshima?