Tupeane uzoefu: fundi akimaliza kazi, unamwongezea kifuta jasho au unamlipa bei yake tu?

Ghorofa ya Nne (mwanzisha uzi)

Salaam wakuu. Jumamosi iliyopita nilikuwa na fundi bomba nyumbani. Bei tulipatana kwenye simu. Alipofika akakuta tatizo silo nililomweleza: maji hayakuwa yanavuja kwenye maungio, bomba lenyewe lilikuwa limepasuka ndani ya ukuta. Alilala chali chini ya sinki kwa zaidi ya saa tatu. Alipomaliza akapangusa sakafu kwa tambara lake mwenyewe, kisha akataja bei ileile ya kwenye simu.

Nikamlipa. Mkononi nilikuwa nimekunja noti nyingine. Niliishika muda wote alipokuwa anapanga vifaa vyake, na sikumpa. Ni mzee wa rika la baba yangu. Nikaona nikimpa itakuwa kama namtupia, wakati yeye ndiye mwenye ujuzi na mimi ndiye niliyekuwa na shida. Akaaga, akaondoka. Noti ile bado ipo juu ya meza na kila nikiiona roho inanisuta.

Naomba tupeane uzoefu. Wateja, mafundi, wanaoleta mizigo, wanaosafisha nyumba za watu, wote karibuni. Mwenye kisa chake akiweke.

Fundi Umeme Mstaafu

Kijana wangu, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuiandika. Nimevuta nyaya zaidi ya miaka thelathini, acha nikueleze hali ilivyokuwa upande wa huyo mzee mwenzangu.

Alitaja bei kabla hajaona kazi. Alipoona kazi imekua, alikuwa na njia mbili: akwambie bei nayo imepanda, au anyamaze amalize. Wengi wetu tunanyamaza. Ukipandisha bei katikati ya kazi, mteja anadhani ulimtega tangu mwanzo, na hakuiti tena. Kwa hiyo zile saa zilizozidi amekufanyia bure. Unachodaiwa hapo mimi sikiiti bakshishi. Ni ujira.

Mwaka fulani niliitwa na mama mmoja nibadilishe swichi tatu. Nikafungua ya kwanza, nikakuta nyaya zimeungua hadi darini. Nikaingia darini, nikatoka usiku. Nikamtajia bei ya swichi tatu pamoja na gharama ya waya. Yule mama akaniambia, "Fundi, ulichonitajia na ulichokifanya si kitu kimoja. Kaa hapo unipigie hesabu upya." Hakuna noti ya asante niliyowahi kupewa iliyonigusa kama neno lile.

Mwingine alinivuta bei hadi nusu, akahesabu hata misumari. Nilipomaliza akanipa kitu kidogo juu yake, akasema "hiyo ya maji, fundi." Alishanikata nusu ya ufundi wangu, kisha akataka nimshukuru kwa maji. Nilipokea kwa sababu nilikuwa na nauli ya kulipa.

Kwa hiyo ukiniita mimi, usiniandalie bakshishi. Usinilalie kwenye bei, kazi ikiongezeka niulize, na ukiridhika mpe jirani yako namba yangu. Kwa fundi anayejitegemea, mteja mpya ni zaidi ya noti.

Mama Pacha

Mzee wangu umenifunza kitu. Changu kinahusu wabeba mizigo.

Tulipohama walikuja vijana wanne na msimamizi wao. Kabati la milango mitatu walilipandisha ngazi bila kukwaruza ukuta, na mmoja alikuwa mwembamba hata nilimwonea huruma. Mwishoni nikampa msimamizi pesa nzuri tu, nikamwambia "gawaneni wote." Kesho yake yule mwembamba akarudi kuchukua kamba waliyoisahau. Nikamuuliza kama mgao ulikwenda vizuri. Akanitazama. "Mgao wa nini, mama?"

Niliumia kuliko kama ningeibiwa mimi. Siku hizi nagawa mwenyewe, kila mtu mkononi mwake, wenzake wakiona. Msimamizi simpunguzii wala simzidishii.

Mpenda Haki

Mama Pacha, yaliyokukuta yamewakuta wengi. Uingereza walitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024: bakshishi inayopita mikononi mwa mwajiri lazima iwafikie wafanyakazi yote, na igawiwe kwa haki. Sheria isingefika huko kama wakubwa wangekuwa wanagawa kwa hiari yao.

Pikipiki ya Usiku

Mimi ndiye mnayenifungulia mlango saa nne usiku. Niwaambie yasiyoonekana kwenye simu zenu.

Kwanza, kuna mteja anayeweka bakshishi kubwa kwenye programu kabla ya oda ili nipokee haraka. Naona kiasi kile, naacha oda mbili za karibu, nakimbilia yake. Nikishamkabidhi, anaifuta. Imenikuta zaidi ya mara moja. Kama huna nia ya kunipa, usiweke. Nitakuja tu, ni kazi yangu.

Pili, kampuni niliyokuwa nafanyia zamani ilikuwa inaonyesha jumla tu ya malipo ya safari. Mteja akiniongezea, jumla ilikuwa haisogei. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba nyongeza ya mteja ilikuwa inaziba sehemu ya malipo ambayo kampuni ilitakiwa kutoa yenyewe. Tena si kwetu peke yetu. Mwaka 2021 Amazon ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 61 kumaliza shauri na Tume ya Biashara ya Marekani, iliyodai kwamba madereva wa Flex, huduma ya Amazon ya kupeleka mizigo kwa wateja, hawakupewa sehemu ya bakshishi zao, wakati wao na wateja walikuwa wameahidiwa kwamba zote zinakwenda kwa dereva. Ndiyo maana nasema, ukiweza, mpe mtu mkononi. Usipoweza, muulize kama ile ya kwenye simu inamfikia kamili. Hatakasirika.

Tatu, na hili ndilo nililotaka hasa kusema: kuna mteja mmoja hajawahi kuniongezea hata senti. Ila nikipiga simu kwamba nimefika getini, nakuta ameshashuka, pesa kamili mkononi, taa ya nje imewashwa. Dakika kumi za kupanda na kushuka ghorofa na kutafuta namba ya mlango gizani, kwangu ni karibu safari nyingine. Yule ananipa safari nzima kila akiagiza. Mvua ikinyesha naiombea oda yake ije kwangu.

Hesabu Sahihi

Mimi siongezi, na naomba mnisikilize kabla hamjanihukumu.

Nilikuwa msafishaji wa vyumba katika hoteli moja. Mwaka wa tatu tukaenda wafanyakazi sita kwa meneja kuomba nyongeza ya mshahara. Alitujibu kwa neno moja: "Si mnapewa na wageni?" Tukarudi kazini. Mwenzetu wa kufua mashuka, ambaye hakuna mgeni aliyewahi hata kumwona sura, naye alijibiwa vivyo hivyo.

Tangu siku ile kila bakshishi naiona kama hoja mkononi mwa mwajiri. Marekani jambo hili liko kwenye sheria kabisa. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Kilichobaki mpaka kufika kima cha chini cha dola 7.25 kinatoka mfukoni mwa mteja, na mwajiri anafidia tu kama bakshishi hazikutosha. Baadhi ya majimbo yanadai zaidi, lakini msingi ndio huo. Mteja amegeuzwa mlipaji wa mshahara wa mtu ambaye hakumwajiri.

Mimi nalipa bei kamili bila kuvutana, hata ikiwa kubwa, nasema asante nikimtazama mtu usoni, na kampuni ikinitumia fomu ya maoni namwandika kwa jina. Hapo naishia.

Pikipiki ya Usiku

Dada Hesabu, hoja yako siipingi hata kidogo. Lakini mwajiri akibanwa na hoja atabadilika mwakani. Kodi yangu ya nyumba ni mwezi huu.

Hesabu Sahihi

Nimekusoma, kaka. Nimekaa nalo tangu asubuhi. Sijabadilisha msimamo kuhusu mwajiri, ila nakiri kwamba wewe hujawahi kuwa kwenye ile ofisi ya meneja, na nisikulipishe wewe kosa lake.

Jirani wa Kona

Hakuna aliyegusa watumishi wa umma, nami nilijikwaa hapo. Mtumishi wa maji alikuja kubadilisha mita, akakuta mfuniko wa chemba umezama kwenye tope. Akachimba kwa mikono. Nikatoa pesa, akarudi nyuma hatua mbili kama nimemwonyesha moto. "Mama, mtu akipita akiona, nitaelezaje?"

Niliona aibu, kisha nikamwelewa. Kwake ile noti ingeweza kumfukuzisha kazi. Wafanyakazi wa posta wa Marekani hawaruhusiwi kabisa kupokea fedha taslimu kutoka kwa wateja. Zawadi ndogo isiyozidi thamani ya dola 20 kwa tukio moja inakubalika, na kutoka kwa mteja mmoja zisizidi dola 50 kwa mwaka. Nilipenda kwamba wameweka hata kiwango, mtu asibaki anakisia.

Nikamwandikia mkubwa wake barua ya mkono, nikaeleza alichofanya na tarehe. Baadaye alipita akaniambia barua imewekwa kwenye faili lake.

Nami hivi ndivyo ninavyotenganisha: ukitoa baada ya kazi, bila kuombwa, kwa mtu ambaye angeifanya vilevile usipompa, hicho ni kifuta jasho. Ukitoa kabla, ili upate kilicho haki yako au umpite mwenzako kwenye foleni, hiyo ni rushwa, uiite soda au uiite asante.

Binti wa Msafishaji

Nimesoma yote nikaona niandike, maana mama yangu hawezi kuandika humu.

Mama amesafisha nyumba za watu tangu nikiwa mdogo. Wateja wake wengi walikuwa wakarimu. Walimpa nguo walizochoka nazo, viatu vilivyobana, mapazia. Alivipokea vyote kwa mikono miwili na vingi aligawa njiani, kwa sababu havikumtosha na hakutaka kuwavunja moyo. Sisemi walikosea. Walitoa kwa upendo. Ila hakuna aliyemuuliza anahitaji nini.

Mteja mmoja alikuwa mkimya, sidhani kama aliwahi kumpa zawadi. Huyo alisafiri kikazi miezi miwili. Kabla hajaondoka alimwita mama akamwambia, "Nyumba itafungwa, lakini siku zako ni zilezile na malipo yako ni yaleyale. Mimi ndiye ninayesafiri." Miezi ile miwili ndiyo niliyofanyia mtihani wa mwisho wa shule. Ada haikuchelewa. Mama anamtaja hadi leo, na kila anapomtaja anarudia maneno yale: mimi ndiye ninayesafiri.

Kwa hiyo wenye wasaidizi wa nyumbani, kabla ya kufikiria bakshishi, fikirieni ile siku mnayompigia simu asubuhi kumwambia "leo usije." Ile siku aliihesabu.

Mama Pacha

Binti, mpe mama salamu zangu. Leo nilikuwa nimwambie dada anayenifulia asije kesho. Nitamwambia asije, na nitamlipa.

Ghorofa ya Nne (mwanzisha uzi)

Nimerudi. Baada ya maneno ya Mzee Fundi Umeme nilikaa na simu kama nusu saa, kisha nikampigia fundi wangu. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Kazi ya Jumamosi ilikuwa kubwa kuliko tuliyopatana, na mimi nilikulipa ya zamani. Naomba unipigie hesabu upya."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza kama kuna mahali panavuja. Nikamwambia hapana, pamekauka kabisa, nampigia kwa ajili ya hesabu tu. Akataja bei ya saa mbili. Nikamkumbusha kwamba zilizozidi zilikuwa karibu tatu. Akasema ya tatu alikuwa anatafuta tatizo, na kutafuta ni kazi yake.

Kiasi alichotaja kilikuwa kikubwa kuliko ile noti ya mezani. Nimemtumia. Dakika kumi baadaye akapiga tena, akaniambia nisipake rangi kwenye ule ukuta mpaka zipite wiki mbili, kwa sababu plasta ya ndani hukauka mwisho.